Mzigo wa Bwana Ukifika, Punda Aende Wapi?

WAHENGA walisema kuwa punda afe, mzigo wa bwana ufike. Methali hii hutajwa kila uchao katika mikutano ya hadhara, madarasani na hata bungeni, na aghalabu hutajwa kwa fahari, kwa nia ya kuhimiza bidii isiyojali gharama. Hata hivyo, methali yenyewe ina pengo ambalo ni wachache mno waliowahi kulitazama. Inatueleza jinsi mambo yatakavyokuwa iwapo punda atakufa njiani. Haisemi lolote kuhusu punda ambaye hakufa. Yule aliyeufikisha mzigo siku ya kwanza, akaufikisha siku ya pili, na akaendelea kuufikisha kwa miaka kumi na mitano hata mgongo ukapinda na kwato zikapasuka. Je, huyo naye aende wapi?

Hili si swali la mzaha. Punda anayetunzwa vyema huweza kuishi miaka thelathini na hata zaidi. Farasi huishi miaka ishirini na mitano au thelathini. Lakini nguvu za kubeba, kukokota na kukimbia humtoka mnyama kabla ya uhai kumtoka. Farasi wa mashindano, mathalani, huanza kukimbia akiwa na umri wa miaka miwili au mitatu, na ni nadra kumwona akiendelea kushindana baada ya kutimiza miaka kumi. Hivyo basi, mnyama huyo huwa amebakisha zaidi ya nusu ya maisha yake siku ambayo mwenyewe anamwona hana faida tena. Punda wa mkokoteni hutumikishwa kwa muda mrefu zaidi, lakini naye hufika siku ambayo magoti hayakunjuki vizuri, meno yamelika hata hawezi kutafuna majani makavu, na kidonda cha mgongoni kilichochimbwa na tandiko hakiponi kwa sababu hakipewi nafasi ya kupona.

Hapa kwetu, majibu ya swali hilo yamekuwa matatu. La kwanza ni kuendelea kumtumikisha mnyama hadi aanguke. La pili ni kumfungua kamba na kumwachilia, ambapo utamkuta amesimama kando ya barabara kuu akitafuna karatasi jalalani, akingoja lori la usiku. La tatu ni kumuuza kwa mnunuzi asiyeulizwa anampeleka wapi. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, ambayo ni Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inakataza kumtesa mnyama na kumbebesha mzigo unaopita uwezo wake. Lakini sheria hukataza tu. Haijengi zizi wala hainunui nyasi.

Ndugu msomaji atakumbuka jinsi jibu lile la tatu lilivyotugharimu. Kuanzia mwaka wa 2016 vilifunguliwa humu nchini vichinjio vinne vya punda, navyo vilikuwa Mogotio katika Kaunti ya Baringo, Naivasha, Machakos na Turkana. Ngozi zilisafirishwa hadi Uchina, ambako huchemshwa ili kupata ute wa kutengenezea dawa ya jadi iitwayo ejiao. Taasisi yetu ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilitoa ripoti mwaka wa 2019 ikieleza kuwa punda 301,977 walichinjwa katika vichinjio hivyo kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Punda jike hubeba mimba kwa muda wa mwaka mmoja hivi na huzaa mtoto mmoja tu, kwa hiyo haikuwezekana kabisa kuzaliana kuufikie wepesi wa kisu. Sensa ya mwaka wa 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8 nchini. Ile ya mwaka wa 2019 ilihesabu takriban milioni 1.2.

Yafaa tujiulize biashara hiyo ilipata wapi mlango wa kuingilia. Iliingilia penye punda mzee. Mwenye punda aliyechoka, asiye na mahali pa kumpeleka, alifikiwa na mnunuzi mwenye fedha taslimu mkononi. Ghafla punda aliyekufa akawa na bei kubwa kuliko punda aliye hai. Na bei hiyo ilipojulikana, wezi hawakuuliza umri. Watu wa Mwea, Naivasha na kwingineko waliamka asubuhi wakakuta kamba imekatwa, na baadaye wakaukuta mzoga kichakani ukiwa umechunwa ngozi. Mwanamke aliyekuwa akitegemea punda wawili kuchota na kuuza maji alirudi kuubeba mtungi mgongoni. Dhuluma aliyotendewa mzee wa zizi ilifungua njia ya kuliangamiza zizi zima.

Mnamo Februari 2020 aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Bw Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji huo. Mei 2021 Mahakama Kuu iliibatilisha marufuku hiyo. Kisha mnamo Februari 2024 viongozi wa nchi za Umoja wa Afrika walikutana mjini Addis Ababa na kupitisha marufuku ya miaka kumi na mitano dhidi ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Hatua hiyo yastahili pongezi. Lakini tusijidanganye. Marufuku humwondoa punda mbele ya kisu. Haimpi pahali pa kuzeekea. Ikiwa mwenye punda bado ana majibu yale yale matatu, hapana shaka mlango ule utafunguliwa tena, kwa siri au kwa dhahiri.

Kuna jibu la nne, nalo ni la kumtafutia mnyama aliyestaafu mlezi. Katika nchi nyingine jambo hili limekuwa likitendeka kwa miaka mingi, na asili yake inatuhusu kuliko tunavyodhani, kwa kuwa mojawapo ya vyanzo vyake ni hapa hapa barani Afrika. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipomalizika, jeshi la Uingereza liliuza maelfu ya farasi wake nchini Misri badala ya kuwarudisha kwao. Mwaka wa 1930 Mwingereza mmoja, Bi Dorothy Brooke, alifika Cairo na kuwakuta farasi hao wakiwa wangali hai, wamekonda, wengine vipofu, wakikokota mawe na mchanga zaidi ya miaka kumi baada ya vita. Mwaka wa 1931 aliliandikia gazeti la Morning Post la London barua ya kuomba msaada. Fedha zilizotumwa na wasomaji zilimwezesha kuwanunua farasi wapatao elfu tano, na mwaka wa 1934 akafungua hospitali ya farasi wazee wa vita mjini Cairo. Shirika lililotokana na kazi yake lingali linaitwa Brooke, na tawi lake la Afrika Mashariki limekuwa likifanya kazi miongoni mwa wenye punda humu nchini.

Yapo mambo mawili ya kuzingatiwa katika kisa hicho. Kwanza, Bi Brooke hakuwapokonya watu mali yao. Aliwalipa wenye farasi, kwa maana alitambua kuwa maskini wa Cairo hakuwa mkatili kwa kupenda bali hakuwa na farasi mwingine. Pili, wengi wa farasi aliowanunua walikuwa wamekwisha kabisa, na hao aliwapumzisha kwa kifo cha upole baada ya kuwalisha na kuwalaza kwenye nyasi kwa siku chache. Nalitaja hili waziwazi kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kumhurumia mnyama ni kumlazimisha kuishi hata pale maisha yenyewe yamegeuka mateso. Sivyo. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya daktari wa mifugo anayemaliza maumivu yasiyo na tiba, na bwana anayemtupa mtumishi wake jalalani.

Nchini Uingereza penyewe utaratibu huu umekomaa. Kimbilio la punda lililoanzishwa na Bi Elisabeth Svendsen mwaka wa 1969 katika jimbo la Devon, pamoja na makimbilio kadhaa ya farasi, hupokea wanyama waliochoka, waliotelekezwa au walionyang'anywa wakatili. Wanyama hao hutibiwa, kisha wale wanaoweza kuishi katika mazingira ya nyumbani hutafutiwa familia za kuwalea. Mtu haendi tu akachagua farasi kama anayechagua kiti sokoni. Maafisa humtembelea kwanza na kukagua ua, malisho, maji na banda. Huulizwa kama amewahi kushika kwato za farasi, na kama anamjua daktari wa mifugo wa karibu. Aghalabu mnyama hubaki kuwa mali ya kimbilio maisha yake yote. Mlezi hupewa kwa mkataba, haruhusiwi kumuuza wala kumzalisha, na maafisa hurudi mara kwa mara kumtazama. Mlezi akishindwa, humrudisha bila aibu. Wengi wa farasi wazee hutolewa kwa sharti kwamba wasipandwe tena. Huenda wakawa wenzi wa farasi mwingine tu, basi.

Punda nao hutolewa wawili wawili, wala hilo si anasa. Punda hujifunga kwa mwenzake kwa uhusiano mzito, na anapofiwa au kutenganishwa naye huweza kukataa chakula kabisa. Punda asiyekula kwa siku chache hupata ugonjwa wa mafuta kujaa katika damu, nao humuua upesi. Kwa hiyo, anayetaka kumlea punda mmoja pekee kwa kuona kwamba anapunguza gharama huenda akawa anamchimbia kaburi.

Humu nchini tuna mahali pa kuanzia. Mwaka wa 1987 shirika hilo la Bi Svendsen lilifungua kituo mjini Lamu, mji ambao vichochoro vyake havipitiki kwa magari na ambamo saruji, matofali, mchanga na nazi vimekuwa vikisafiri mgongoni mwa punda tangu jadi. Punda waliugua wakatibiwa bila malipo, na wachache waliochakaa wakapata pahali pa kupumzikia. Vilevile lipo shirika la KSPCA jijini Nairobi, ambalo kwa miongo mingi limekuwa likipokea wanyama walioteswa. Lakini kituo chochote kile, hata kikiwa na moyo mkubwa namna gani, kina ukuta, na zizi hujaa. Bila ya familia za kuwapokea wanyama waliotibiwa, kimbilio hugeuka ghala.

Nikiingia kidogo katika uwanja wangu wa isimu, nadhani lugha yetu inatusaidia hapa kuliko tunavyoisaidia. Kiswahili kina neno kufuga na kina neno kulea. Tunafuga ng'ombe, kuku na mbuzi. Na mfugo, kwa maana yake ya kawaida, ni mnyama anayewekwa kwa ajili ya faida fulani, iwe maziwa, mayai, nyama au nguvu. Mtoto hatumfugi, tunamlea. Kulea ni kumpa matunzo yule asiyeweza kukulipa leo, na pengine hatakulipa kamwe. Mnyama aliyestaafu amekwisha toka katika kufugwa, kwa sababu faida aliyofugiwa haipo tena. Kinachobaki ni ama kumtupa ama kumlea. Hakuna neno la katikati, na sidhani kwamba tunalihitaji.

Aidha, sarufi ya Kiswahili sanifu haimweki punda pamoja na vitu. Twasema punda amechoka, punda wamechoka, kama tusemavyo mtu amechoka, watu wamechoka. Hata kiboko na kifaru, ambao maumbo ya majina yao yangewaweka pamoja na kiti na kikapu, huchukua upatanisho wa viumbe wenye uhai. Katika insha za wanafunzi wangu, hata hivyo, nakutana kila muhula na sentensi kama "punda imechoka" na "punda zimeibiwa". Huwa nasahihisha kwa kalamu nyekundu, lakini najua kwamba kosa hilo halikuanzia darasani. Limeanzia barabarani, ambako punda hutajwa kwa upatanisho ule ule wa gari bovu. Gari bovu halina madai juu ya mwenyewe. Kiumbe aliyechoka anayo.

Najua nitaulizwa: katika nchi ambayo kuna watoto wanaolala njaa, ni nani mwenye nafasi ya kumlisha punda asiyefanya kazi? Swali hili ni la haki na linastahili jibu, wala si kejeli. Jibu la kwanza ni kwamba simtaki mchuuzi wa maji wa Kibwezi au Mwingi aubebe mzigo huu peke yake. Yeye ndiye mtu wa mwisho kulaumiwa. Anapofika siku ya kumnunua punda kijana, yule mzee anakuwa mdomo wa ziada nyumbani kwake, na hana shamba la kumlishia. Ndiyo maana nazungumzia mlezi mwingine, mwenye uwezo na mwenye nafasi.

Jibu la pili ni kwamba gharama yenyewe si kubwa kama inavyodhaniwa. Farasi mwenye uzito wa kilo 500 huhitaji takriban kilo kumi za malisho makavu kwa siku, na katika nchi yetu huhitaji pia kuchanjwa dhidi ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huua wengi wao. Huyo kweli si mnyama wa kila mtu. Lakini punda wetu wa kawaida hana hata nusu ya uzito huo, hutosheka na kilo tatu hivi za nyasi kavu na mabua, na hustahimili ugonjwa huo. Anachohitaji zaidi ni kivuli, maji safi, kwato kupunguzwa kila baada ya wiki sita hadi kumi, dawa ya minyoo, na meno kutazamwa walau mara moja kwa mwaka. Naye hutoa samadi, na humzoea mbuzi na ng'ombe akaishi nao kwa amani.

Jibu la tatu ni la kimaadili. Huruma haigawanywi kama unga, kwamba ukimpa mmoja umempunguzia mwingine. Anayejifunza kumtupa mtumishi aliyechoka hujifunza somo ambalo halitaishia kwa punda. Tazama jinsi wafanyakazi wetu wanavyohangaishwa wakitafuta malipo yao ya uzeeni. Dini zetu nazo hazikulisahau jambo hili. Torati, katika amri ya mapumziko ya siku ya saba, inamtaja ng'ombe na inamtaja punda pamoja na mtumwa na mgeni. Na Uislamu unamfundisha muumini kwamba ataulizwa kuhusu mnyama aliyemtesa kwa njaa au kwa mzigo. Hatuhitaji, basi, kuambiwa kwamba haya ni mawazo ya Wazungu.

Kuna lipi la kufanywa? Kwanza, huduma za mifugo sasa zimo mikononi mwa kaunti. Kaunti zenye punda wengi zaweza kuweka daftari moja tu lenye majina ya wanyama wanaostaafu upande mmoja, na majina ya watu na taasisi zilizo tayari kuwalea upande wa pili. Mashamba makubwa ya Laikipia, Nakuru na Kajiado hayakosi ekari moja ya nyasi. Shule za bweni zenye uwanja, vyuo vya kilimo na nyumba za watawa zaweza kupokea punda wawili kila moja. Wanafunzi wa udaktari wa mifugo watapata mahali pa kujifunzia kazi yao kwa mnyama ambaye vitabu humpitia haraka.

Pili, mkataba wa ulezi ufuate mfano ule uliokwisha jaribiwa kwingineko: asiuzwe, asizalishwe, asibebeshwe mzigo, akaguliwe, na arudishwe mlezi akishindwa. Bila ya masharti hayo, ulezi utageuka njia mpya ya kupata punda wa bure wa mkokoteni, au wa bure wa kichinjio.

Tatu, vyama vya wenye mikokoteni, ambavyo tayari vina michango yao ya kila wiki, vyaweza kutenga sehemu ndogo ya mchango kwa ajili ya mnyama anayestaafu, ili mwenye punda mzee apewe kitu cha kuanzia kumnunua mwingine. Bi Brooke alilipa, nasi tulipe. Mtu akipewa fidia halali kwa punda wake mzee, hatamsikiliza mnunuzi wa usiku. Na wale wanaomiliki farasi wa mashindano katika uwanja wa Ngong, ambao si watu wa kukosa senti, wawekewe sharti la kueleza farasi wao anakwenda wapi siku anapotolewa mashindanoni. Aliyemudu kumnunua na kumfundisha anaweza kumudu uzee wake.

Mataifa mengi yana sanamu za farasi wa vita katikati ya miji yao, zimechongwa kwa shaba na kupambwa kwa maua. Sisi hatuna sanamu ya punda, wala siombi ijengwe. Maji tuliyokunywa, mahindi tuliyosaga na matofali ya nyumba zetu vilifika mgongoni mwake, naye hakudai mshahara wala hakugoma. Mzigo wa bwana umekwisha kufika. Kilichosalia ni bwana kumfungua tandiko, na kumwonyesha njia ya kwenda malishoni.